Mjukuu Aliyeishia Puani

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Recho amejifungua. Mtoto wa kiume, kilo nne kasoro kidogo, huko Uswidi kwenye baridi, na mimi ndiye bibi yake. Naandika kabla hata sijavua kanga ya sokoni.

Amepiga simu mwenyewe. Sauti inakwaruza kama kuna mtu anakaanga dagaa ndani ya waya, lakini la maana nimelisikia. Hawatarudi mpaka Damiano, mkwe wangu, amalize uinjinia wake, na hiyo ni miaka. Kwa hiyo atatuma picha ya mtoto kwa mtandao, iingie kwenye ile kompyuta aliyotuachia. Picha inapita kwenye waya wa simu. Hapa Majengo nyumba ya namna hiyo ni moja.

Nimewaambia jumuiya. Nimewaambia wauza mchele. Nimemwambia na Generosa, jirani yangu, ambaye tangu tuvutiwe simu hajatusifia hata kwa bahati mbaya. Akauliza mtoto wa kilo nne anapitaje kwenye waya mwembamba vile. Nikamwambia inapita picha, siyo mtoto. Akasema ataamini akiona.

Basi ataona. Kesho jioni wanakuja wote.

Jumanne, 9 Novemba

Sebule imejaa hadi mlangoni. Mwalimu Celestin wa sekondari, ndiye anayezielewa hizi mashine, akaunganisha kompyuta na waya wa simu, akapiga Dar kwenye mtandao. Kompyuta ikalia kama paka aliyekanyagwa. Mama mmoja wa jumuiya akafanya ishara ya msalaba.

Kumbe picha haiji mara moja. Inashuka kutoka juu, kamstari kamoja kamoja, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Tukaona ukuta. Tukaendelea kuona ukuta. Chai ikaisha. Zikaja nywele, nikapiga vigelegele. Likaja paji la uso. Laini ikakatika.

Celestin akapiga tena. Ikaanza upya, ukutani. Ikakatika palepale kwenye paji.

Isidori, mume wangu, alikuwa stesheni masta, na siku hizi haongei mpaka awe na la kuudhi. Akasema hata mabehewa ya mizigo ya Kaliua yalikuwa yanafika na miguu yake yote. Watu wakacheka kwangu, wameshamaliza chai yangu.

Generosa akaaga vizuri. Akasema paji ni zuri, ila ni paji la mtu yeyote.

Jumatano, 10 Novemba

Celestin amekuja kutafuta ugonjwa. Akainua mkono wa simu, akasikiliza. Akasema laini isiyo na ugonjwa inatakiwa iwe kimya, na hii inachemka. Mikwaruzo ikizidi, mashine mbili zinashindwa kusikilizana, zinarudia maneno yale yale, ndiyo maana mtoto hashuki. Nikaelewa. Ni kama mimi na Isidori redio ikiwa juu.

Akauliza nina simu ngapi kwenye waya huu mmoja. Nikamwambia chache. Akazihesabu mwenyewe. Ya sebuleni, ya chumbani, na ya barazani, ile nyekundu yenye kitambaa cha kufuma, inayoonekana na wapita njia. Akasema zote zing'olewe, ibaki moja. Ya chumbani nikaitoa bila ubishi. Ya barazani nikamwuliza ina kosa gani, mbona hata hailii. Akasema hilo ndilo kosa. Tukaelewana: nyuma haina waya, mbele imekaa pale pale. Asiyeambiwa hajui.

Kelele zikapungua kidogo tu. Akafuata waya mpaka kile kisanduku cha ukutani nje, ule wa nguzoni unapoungana na wa ndani. Humo maungio yameota kutu ya kijani, mvua ya juzi imeingia. Akayakwangua na kisu, akayasokota upya. Akasema hiyo ni huduma ya kwanza tu. Kisanduku kizibwe na fundi wa simu, Yohani, ambaye yuko Kibaoni mpaka wiki ijayo. Mpaka hapo, mtu asikiguse.

Alhamisi, 11 Novemba

Wiki ijayo. Mtoto wangu amezaa, mvua hiyo inakuja, na mimi nimsubiri Yohani?

Baba yangu alikuwa mrina asali Inyonga, Mkonongo kamili. Mzinga wa baba haukuingiza tone. Siri ni nta. Nikachukua nta ya nyuki ninayong'arishia viatu vya Isidori, nikaipasha moto, nikapaka kisanduku chote, ndani na nje, kila ufa. Nikaacha tundu dogo la waya kupita. Kikawa kinang'aa. Kinanukia mpaka barabarani.

Mvua ikapiga mchana kutwa. Nikainua mkono wa simu: kimya, kama kanisani katikati ya juma. Mwalimu ana diploma, mimi nina darasa la saba na baba yangu.

Isidori, bila kutoa macho kwenye gazeti, akauliza kama siyo nta hiyo hiyo wanayopaka kwenye mzinga mpya ili nyuki wavutiwe kuhamia. Nikamwambia abaki na mambo ya reli.

Nimewaalika tena watu wote kwa Jumamosi.

Jumamosi, 13 Novemba

Nitaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Ilianza vizuri. Picha ikateremka mbiombio. Paji. Nyusi. Macho, yamefumba. Watu wametulia, hata Generosa amesogeza kiti. Ikaja pua. Ndipo tukasikia mngurumo. Celestin akasema hiyo siyo mashine.

Lilikuwa kundi zima, limekuja kuhamia. Nyumba nzuri, imepakwa nta mpya, ina mlango mdogo. Mimi ningekuwa nyuki ningehamia. Wale waliokosa nafasi ndani wakajitundika kwenye waya kama fuko la karanga, uzito ukayavuta yale maungio ya kusokota, na laini ikafa kabisa.

Watu walitoka hata kwa dirisha. Generosa alijifunga mapazia yangu mapya, akaenda nayo mpaka kwake. Isidori alikunja gazeti, akafunga mlango wa chumbani kwa ndani, na mimi nikiwa nje.

Jumatatu, 15 Novemba

Yohani amerudi mapema kutoka Kibaoni. Amesimama ng'ambo ya barabara. Amesema kwa sauti kubwa yeye ni fundi wa simu, nyuki wana wenyewe.

Laini imekufa, Recho hawezi kupiga. Atafikiri tumekasirika. Atafikiri tunaumwa. Mtoto ana wiki na bibi yake hajasema neno.

Celestin aliihifadhi ile nusu ya picha. Nimekaa mbele yake tangu asubuhi. Namjua mjukuu wangu mpaka puani. Mdomo wake siujui, wala kidevu. Nimejaribu kuvichora kichwani, vinakuja vya Recho alipokuwa mdogo.

Mchana Generosa ameleta mapazia, ameyafua. Nikasubiri maneno yake. Akakaa tu, akatazama picha. Akasema, "Dada, nyusi hizo ni zako, hata kama hutaki." Nikammiminia chai. Akasema hajapata habari za mwanae aliyeko Mwanza tangu Pasaka, na yeye simu ya kupigiwa hana. Sikujua. Jirani yangu ukuta kwa ukuta, na sikujua.

Generosa ana kaka, Rafaeli, anarina asali Nsemulwa. Atamwomba aje awatoe nyuki.

Jumatano, 17 Novemba

Jana jioni Rafaeli alikuja na moshi wake, akawahamisha nyuki kwenye mzinga kwa upole, kama anabeba wagonjwa. Leo Yohani akavuka barabara. Akakwangua nta, huku ananung'unika, akaunga waya vizuri, akaziba kwa dawa yake nyeusi. Akasema simu moja tu, na mtu yeyote wa nyumba hii asiunge waya tena. Alirudia, akinitazama mimi.

Celestin akapiga. Nilimwita Generosa peke yake. Nyusi, macho, pua. Na mdomo. Uko wazi wote, mtoto analia kwa nguvu zake zote, unaona mpaka kilimi.

Isidori akainama karibu na kioo, akavua miwani. Akasema, "Mdomo huo hatuna haja ya kuuliza umetoka wapi." Halafu akaenda dirishani kuifuta miwani na pindo la shati.

Recho amepiga saa hiyo hiyo. Nimesema maneno yote.

Ijumaa, 19 Novemba

Laini imetulia, safi kabisa, na mimi nina simu mbili hazifanyi kazi. Ni dhambi. Generosa apigiwe na mwanae wapi? Nimenunua waya wa kufungia uzio, unatosha kutoka kisanduku changu, juu ya paa la banda la kuku, mpaka dirishani kwake. Ni waya tu kama waya mwingine. Yohani asisumbuliwe, ana kazi nyingi. Isidori ameuliza ninapanda ngazi kwenda wapi.

Damiano anatuma picha nyingine, kubwa zaidi, mtoto akiwa amenyamaza. Kadi ya mwaliko haihitajiki, Majengo nzima imeshaambiwa: Jumapili, baada ya misa ya pili, na waje na viti vyao.