Kanzidata Imemkataa Mtu Mzima

Ndugu Mkuu wa Kliniki,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KANZIDATA MPYA

Heshima zangu zikutangulie. Mimi ni karani wako wa majaribio, yule uliyemwambia kwa upole kwamba wagonjwa wasipohama kutoka jedwali la zamani na kuingia kwenye kanzidata ya kompyuta kufikia Ijumaa, atahama yeye. Naandika kwa haraka, lakini kwa adabu.

1. Kanzidata inakula sifuri. Namba zote za simu zinaanza na sifuri, nayo inashikilia kwamba sifuri ya mbele haina kazi. Sasa hakuna mgonjwa anayepatikana. Naomba wagonjwa washauriwe kutafuta simu zisizo na sifuri.

2. Safu ya umri inataka tarakimu pekee. Mama wa mapokezi, kwa heshima zake, amewaandika wanawake wote "mtu mzima". Nilipomsihi awaulize upya alinijibu, "Mwanangu, kaulize wewe, mimi meno yangu bado nayapenda." Kanzidata imewarudisha wote: "Aina ya data si sahihi." Watu wazima, wenye wajukuu!

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Miadi ilikuwa "saa tatu asubuhi". Ikakataa maneno. Nikaandika 3:00, ikapokea bila kinyongo. Kadi zikachapwa 3:00, na wagonjwa wakaja saa tatu asubuhi, kama watu wenye akili zao. Kumbe kanzidata iliwasubiri tangu saa tisa usiku. Imewafuta wote kwa utoro, akiwamo bibi aliyekuja kufunguliwa bandeji ya jicho. Amerudi nyumbani nayo, akishikwa mkono.

Kwa kuwa mashine haikosei, napendekeza kliniki ifunguliwe saa tisa usiku, na jua liandikiwe barua ya kujieleza kwa nini linachelewa kazini.

Nisalimie wauguzi wote, na mlinzi wa geti, ambaye siku hizi ananiaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili.

Wako mtiifu, walau hadi Ijumaa,
Karani wa Majaribio

Tanbihi: Fundi wa kompyuta amepita sasa hivi, akageuza safu zote kuwa za maandishi. Kila kitu kimeingia, na kazi yangu imepona. Ila foleni huanza na mwenye umri mkubwa, na maandishi hulinganishwa kwa alama ya kwanza: 9 ni kubwa kuliko 80, hivyo watoto wa miaka tisa wametangulia kwenye foleni ya wazee. Kwa wasiwasi, nikitaka kuona kama bado kuna inachokikataa, nikabandika barua hii kwenye safu ya umri. Imepokelewa, na kwa kuwa herufi huzishinda tarakimu, imewapita wazee wote. Nakuomba, Mkuu, turudishie ile kanzidata iliyokuwa ikikataa, hata kama Ijumaa itanikataa mimi.