Vifli vya Kuwapa Tume

Jumanne, 8 Juni 1954

Barua imefika. Tume itapita nyumbani kwangu, mtaa wa Tshopo, katika juma linaloanza tarehe 21, kuona kama ninastahili kadi ya mérite civique, ile ambayo Wabelgiji humpa Mwafrika aishiye kistaarabu. Siku haikutajwa. Nimefikiri kwa utaratibu. Jumatatu wakubwa hawapendi kutembea. Jumanne na Jumatano wanaandika barua. Alhamisi wanapumzika kwa ajili ya Ijumaa. Basi ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Nimeiandika ukutani kwa chaki.

Miaka minne naisubiri kadi hii. Mwenye kadi hasimamishwi na polisi jioni katika mtaa wa Wazungu. Mwenye kadi huitwa monsieur pale posta.

Nimekagua hali yangu. Uma: sita. Kitambaa cha meza: kipo. Picha ya mfalme: ipo, imenyooka. Lakini Évariste, karani mwenzangu ofisini, naye ameomba, na ana uma kumi na mbili. Kwa uma simwezi.

Nitamshinda kwa kifli.

Nilipokuwa karani kwenye ujenzi wa bwawa la umeme, Madame Ilona, mke wa injinia Mhungaria, alinipa kimoja pale mlangoni kwake. Ni kikeki kilichopinda kama mwezi mchanga. Ndani mna njugu za kwao, ziitwazo noix, zimesagwa na sukari. Juu, sukari ya unga kama theluji, nadhani. Nilikila nimesimama, kofia mkononi, na sijakisahau. Walipoondoka aliniachia maelezo ya kupika, ukurasa mmoja, na mkebe mmoja wa noix. Nimeutunza miezi minane. Hakuna karani wa Kisangani aliyewahi kuwakaribisha tume kwa kifli.

Pélagie, mke wangu, ameuliza kwa nini asiwapikie tu wali na kuku. Nimemweleza kwa upole kwamba kila mtu ana kuku.

Jumatano, 9 Juni

Nimechukua jiko. Tunalo moja tu, liko uani, na kazi hii haichanganyiki na sombe, mboga yake ya majani ya muhogo. Pélagie nimempa taarifa kwa maandishi: kuanzia leo hadi tarehe 25 Juni haruhusiwi kupika hapa. Nimetia sahihi. Nimetia na muhuri, ule wangu wa jina. Aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kitambaa chake. Kisha akabeba sufuria zake akaenda kwa Mama Kadidja, jirani yetu mwenye asili ya Maniema. Sikutegemea ataelewa haraka hivyo. Ni mke mwema.

Chakula cha jioni: ndizi.

Jumamosi, 12 Juni

Siku mbaya. Maelezo yanataka donge la unga lilale kwenye baridi. Hapa baridi iko wapi? Siagi iliyeyuka kabla sijamaliza kukanda. Nilikunja vifli thelathini, vikakunjuka vyote. Motoni vikaungana vikawa kifli kimoja, kipana kama sinia.

Tena moto uwe digrii 180. Niliingiza kipimajoto cha homa kwenye sufuria. Kinaishia 42. Kilipasuka.

Mama Kadidja akachungulia juu ya ua. Yeye huoka mikate ya Idi ya mtaa mzima, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Akasema: "Papa Zacharie, moto yako iko inafanya moshi tu. Weka mukono karibu, hesabu mpaka kumi. Kama inakushinda mbele ya kufika kumi, donc iko muzuri." Nilimshukuru, nikamwambia kwamba Hungaria hawapimi kwa mkono. Akalitazama lile sinia jeusi akasema, "Ee, mwezi imepatwa."

Nikamsikia Pélagie anacheka huko upande wa pili. Sijamsikia akicheka tangu Noeli.

Nusu ya noix imekwenda.

Jumatano, 16 Juni

Jaribio la pili. Moshi mtupu. Macho yamevimba, pua imeziba kabisa. Nimenusa sabuni, nimenusa mafuta ya taa, ni sawasawa. Haidhuru. Maelezo hayasemi popote kwamba mpishi anuse.

Évariste ameniuliza ofisini nimeandaa nini. Nikamjibu kwamba nimeandaa jambo. Atakosa usingizi, natumaini.

Ndizi.

Jumanne, 22 Juni

Baridi nimeipata. Mto! Nimetia donge jipya kwenye mkebe wa bati, pamoja na jiwe, nimeandika jina langu juu ya kifuniko kama ninavyofanya kwa kila kitu changu, nimeuzamisha katika maji ya Tshopo chini ya kivuli, kamba nimeifunga kwenye mzizi. Évariste hana akili ya namna hii.

Jumatano, 23 Juni

Kamba nimeikuta, mkebe haupo.

Jioni akaja Désiré, mvuvi wa Yanonge anayeegesha mtumbwi wake pale. Alileta mkebe wangu na samaki mkubwa, amejaa furaha. "Tonton, nilisoma jina yako. Ile chambo yako ya mafuta, samaki wanaipenda vibaya sana. Utatengeneza ingine lini?" Nilimwambia kwamba ile haikuwa chambo. Akaniuliza basi ilikuwa nini. Nilianza kumweleza habari za Hungaria, kisha nikaacha.

Samaki nimemkataa kwa sababu ya heshima. Pélagie amempokea kupitia juu ya ua.

Nimekanda donge la nne. La mwisho, siagi imekwisha. Nimelilaza chini ya mtungi wa maji.

Alhamisi, 24 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Saa sita nilirudi kutoka ofisini kufanya jaribio la mwisho kabla ya kesho. Donge zuri, gumu kidogo, linakunjika. Nikafungua mkebe wa noix. Sisimizi! Wamekula zote, wameacha vumbi.

Kando ya kinu chetu palikuwa na bakuli limefunikwa kwa jani. Pélagie huja kutwanga hapa kwa sababu kinu cha Mama Kadidja kimepasuka. Ndani mlikuwa na mbika, zile mbegu za maboga, zimetwangwa laini. Rangi ileile ya noix; harufu sijui, pua bado imeziba. Nikafikiri Mungu ameniona. Nikaongeza sukari, nikajaza, nikakunja. Hakuna aliyeniona, basi niungame hapa: moto niliupima kwa mkono. Nilishindwa kwenye saba.

Vilitoka vyema. Vyekundu kidogo, vimepinda sawasawa, ishirini na vinne. Nilivinyunyizia sukari ya unga nikasimama kuvitazama. Nilitaka Madame Ilona avione.

Hapo wakapiga hodi. Tume. Alhamisi, saa saba na nusu! Wazungu wawili, mwenyekiti mnene na mwembamba mwenye daftari, pamoja na mwalimu mmoja wa kwetu. Walisema hupita saa ya chakula ili waone familia ikila.

Mezani kulikuwa na unga, kibao, na chupa ya kusukumia donge. Nikawapa vifli. Mwenyekiti akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakajaa maji, uso ukawa kama nyanya, akaomba maji kwa kidole. Mwalimu alionja pembeni, akaninong'oneza: "Ndugu, umetia pilipili na chumvi. Hii ni mbika ya kufungia samaki."

Mwembamba akauliza mke wangu anakula wapi. Kabla sijajibu, kicheko kikasikika ng'ambo ya ua. Wakaenda kutazama. Pélagie alikuwa amekaa kwenye mkeka na Mama Kadidja, katikati yao samaki wa Désiré amefunguliwa kutoka kwenye majani, anatoa mvuke. Wakamuuliza tangu lini anakula huko. Alifungua pindo la kitambaa chake akawapa karatasi. Tarehe, sahihi, muhuri.

Mwembamba aliinakili yote.

Mwenyekiti aliomba kipande cha samaki ili kutuliza ulimi. Akaomba cha pili. Alimuuliza Pélagie mbika huchanganywaje, akamsikiliza mpaka mwisho. Pélagie alimwambia kwamba leo ilikuwa pungufu, nyingine hajui imekwenda wapi.

Jumamosi, 10 Julai

Barua. Ombi limekataliwa. Naweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja. Wananishauri niangalie zaidi maelewano ya nyumbani.

Évariste amepata kadi. Nilimuuliza aliwapa nini. "Wali na kuku, ndugu yangu. Mimi na mke wangu Félicité tulikuwa tunakula. Niliogopa mpaka uma ulianguka." Uma kumi na mbili, na bado aliuangusha mmoja.

Jumanne Pélagie alipanda boti kwenda kwa mama yake, Isangi. Aliniachia taarifa kwa maandishi: kuanzia 6 Julai hapiki hapa. Ameandika tarehe ya kuanza tu. Ya mwisho hakuandika. Nimeisoma mara nyingi. Ina kasoro: taarifa isiyo na tarehe ya mwisho haijakamilika, na haina muhuri. Nitamrudishia airekebishe.

Ua ni kimya. Mama Kadidja hachungulii tena.

Nimechunguza makosa kwa utaratibu na nimeyapata yote. Ni moja: noix hazikutosha. Nimemwandikia Madame Ilona kuomba mikebe miwili. Ninao mwaka mzima wa kufanya mazoezi, na jiko sasa ni langu asubuhi na jioni.

Ndizi.