Basi la Umeme la Kimbo

Jumatatu, 3 Juni 1996

Gerishon amerudi kutoka Ujerumani kwa binti yake. Amepanda basi la umeme! Nieleze kidogo, maana hata shajara inastahili kufundishwa. Basi hilo lina magurudumu ya mpira kama basi lolote, ila linavuta umeme kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Sakafu yake iko chini kabisa, hivyo abiria huingia kama anayeingia sebuleni. Hakuna vidato. Haya yote niliyasoma gazetini kabla Gerishon hajapata pasipoti. Nani aliniuliza? Hakuna.

Mtaa wetu wa Kimbo utapeleka mzee mmoja kuzungumza kwenye mkutano wa usafiri Thika. Atakayemchagua ni Mama Samir, mwenyekiti wetu, ambaye magoti humsumbua. Gerishon akamwambia kwamba kituoni basi hilo huinama ili abiria apande. Mama Samir akashika kifua. Nilifundisha jiografia miaka mingi. Hakuna aliyewahi kushika kifua.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Gerishon ana maneno, mimi nitaonyesha. Nimeazima mkokoteni wa Munyao, muuza maji. Nimeng'oa magurudumu makubwa, nikafunga ya wilbaro. Sakafu sasa inakaribia kugusa ardhi. Munyao akauliza kesho atabebea maji nini. Nikamweleza maana ya maendeleo. Akauliza tena.

Jumatano, 5 Juni

Gerishon amepita hapa amevaa skafu ya Ujerumani. Jua kali hivi! Akasema, "Kazi safi, Mwalimu." Dharau tupu.

Alhamisi, 6 Juni

Maonyesho. Kimbo nzima ilikuja. Mama Samir akapanda bila kukunja goti. Akasema, "Mwalimu, hii gari imekaa chini kama kuku ameatamia, lakini imenifaa." Makofi! Gerishon naye akapiga makofi, mnafiki huyo.

Ningeachia hapo. Lakini basi bila safari ni benchi tu. Nikamwamuru Munyao avute hadi dukani. Tukafika kwenye tuta la barabarani. Magurudumu yakavuka, tumbo la mkokoteni likakalia tuta. Mkokoteni hauendi mbele, haurudi nyuma. Mama Samir juu yake kama gunia la makabichi, magari yakipiga honi pande zote. Utingo mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, huyo shosho umempaki hapo hadi saa ngapi?"

Gerishon akaja, akapiga goti kwenye vumbi, akampa Mama Samir bega la kushikilia. Mama Samir akashuka akicheka. Akasema sasa ameelewa jinsi basi la Ujerumani linavyoinama.

Ijumaa, 7 Juni

Gerishon amechaguliwa. Mama Samir akasema naweza kufuatana naye, nimbebee picha zake za Ujerumani. Nimbebee!

Nimetafakari kwa utulivu. Sakafu yangu haina kosa. Kosa ni la tuta.

Jumamosi, 8 Juni

Leo Gerishon amewaambia watu kwamba basi hilo linahitaji nyaya mbili: mmoja wa kuleta umeme, mwingine wa kuurudisha. Nimecheka hadi machozi. Umeme ukishaletwa, nani aliyestaarabika huurudisha? Amejimaliza mwenyewe! Kesho, mbele ya Mama Samir, nitathibitisha kwenye nguzo ya umeme ya hapa barabarani kwamba waya mmoja unatosha. Munyao amekataa kabisa kunipa mkokoteni.

Ngazi amenipa.