Kuvamiwa kwa Goli la Mardhiya

Thamesmead, London
Jumapili, Novemba 2006

Kwa Mwalimu Darshan Singh,
Kocha wa Hoki ya Wasichana,
Chuoni kwa mwanangu.

Mheshimiwa Mwalimu,

Nakusalimu kwanza, kisha nitakulalamikia. Naomba salamu uzipokee kabla hujafika kwenye malalamiko, maana baada ya hapo sijui kama utazitaka.

Mimi ni Ummukulthum, mama yake Mardhiya, kipa wako. Nasema kipa wako kwa makusudi. Ndimi yule mwanamke mwenye koti la mvua juu ya buibui, ambaye refa alimwomba atoke uwanjani mwezi uliopita. Sikuingia kuvuruga mchezo. Mpira ulikuwa upande wa pili, mtoto kasimama peke yake golini na baridi yote ile, nami nikampelekea chai. Kama sheria ya hoki inakataza, basi aliyeiandika hana mtoto.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu siku ya kwanza tulipokutana getini uliniambia "Shikamoo mama", kwa lafudhi ya Nairobi, kilemba chako kimelowa mvua, nikafurahi nusura niangushe chupa ya chai. Na pia kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kwa daktari na kwa watu wa halmashauri, lakini hakitoshi kukasirikia. Nikikasirika kwa Kiingereza, mwisho wake huwa mimi ndiye niliyeomba radhi.

Naomba ujue goli hili tulilipataje. Baba yake, marehemu Matar, alifariki majira ya baridi kabla Mardhiya hajaanza chuo. Alikuwa dereva wa basi, mtu wa mzaha, na nyumba yetu haikujua kimya. Alipoondoka, mtoto akajifungia chumbani. Akirudi kutoka masomoni, mlango. Akila vijiko viwili vya wali, mlango. Kwamba namsemesha kwa Kiswahili naye ananijibu kwa Kiingereza, hilo ni la watoto wote wa hapa na sikulalamika. Lakini ilifika pahala hata Kiingereza kikakatika.

Khalafu jioni moja akaingia na mfuko unaotosha kumtia mtu mzima. Akaniambia kipa wa chuo ameumia goti, kocha kauliza nani atakaa golini, wote wakaangalia viatu vyao, yeye akanyoosha mkono.

Nilitaka kukataa. Akavaa yale mavazi pale pale sebuleni ili nione. Pedi miguuni, ngao kifuani, glovu kama mito ya kochi, helmeti yenye wavu usoni. Nikamzunguka mara mbili. Hakikuonekana kitu ila macho. Nimeishi London miaka mingi, Mwalimu, na sijaona vazi la stara kuliko lile. Nikatoa ruhusa.

Mechi ya kwanza alifungwa mpaka refa akamwonea huruma. Lakini alirudi nyumbani na alama za buluu mikononi, akala sahani mbili za wali, na huku anakula ananieleza kwa kijiko jinsi mpira ulivyompita. Tangu siku hiyo nikawa mpenzi wa hoki. Jirani yangu Geeta, aliyezaliwa Tanga na ambaye kaka zake waliicheza sana, hukaa pembeni yangu akinifundisha sheria. Nikapiga simu kwetu Wete kuwapa habari kwamba Mardhiya ni mlinda mlango wa chuo. Mama mkwe wangu akaanza kulia: mtoto kasoma yote hayo, halafu Wazungu wamempa kazi ya getini? Kadi nzima ya simu iliishia kwenye kumweleza.

Sasa malalamiko.

1. Mwezi wa Septemba ulisajili makipa wawili wapya kwa mpigo, bila kutuarifu. Jane simlalamikii. Alipigwa mpira wa paja katika mazoezi ya kwanza, akaiweka helmeti chini taratibu, akaomba ahamishiwe mbele, na huko anafanya vizuri. Namtaja Jane kama mfano wa kuigwa. Namlalamikia Wambui, uliyemleta kutoka skuli ya wasichana huko Kenya, kwa udhamini, kwa ndege, na gongo lake mkononi. Mwalimu, hata mwanamme anayeoa mke wa pili humwambia wa kwanza. Huja na kitambaa, huja na maneno laini. Wewe ulikuja na Wambui. Na kama hoja yako ni kwamba wake wawili wanawezekana, sawa, lakini basi kuna zamu. Kipindi cha kwanza huyu, kipindi cha pili huyu, na mapumziko unakaa peke yako ukitafakari ulichokifanya.

2. Adabu za Wambui. Nalalamika khasa kuhusu hizo. Mtu anayemnyang'anya mwanangu nafasi nilitarajia awe na kiburi, ili nami nipate pa kushika. Badala yake ananiamkia kabla sijamwona. Ananibebea mfuko mpaka kituo cha basi. Juzi mvua ilipozidi alinivulia koti lake, akabaki anatetemeka, na mimi ndani ya koti lile nimesimama namwombea mabaya. Hii si haki. Naomba umwagize apunguze.

3. Ile Jumatano ya majaribio. Nilikuwepo, nyuma ya uzio. Uliwaweka mmoja baada ya mwengine, wachezaji wakawa wanawapigia kona za adhabu. Mardhiya aliokoa mipira mingi. Wambui aliokoa mingi zaidi, na mmoja aliuokoa kwa ncha ya kiatu huku ameshaanguka, jambo ambalo Geeta anasema ni ufundi na mimi nasema ni kujionyesha. Nilipokufuata kukuuliza nani ataanza Jumamosi, ulikuna ndevu ukasema, "Tutaona, mama." Mwalimu, neno hilo nalijua. Nililisikia ubalozini tulipoomba viza na nikalisikia halmashauri tulipoomba nyumba yenye dirisha linalofunga. Halijawahi kuniletea kheri.

Na usiku ule Mardhiya alirudi, akapanda ngazi, akafunga mlango.

Nilisimama nje ya chumba na sahani ya chakula mpaka kikapoa, nikairudisha jikoni. Ninaandika jambo hili katikati ya malalamiko mengine ili lisionekane kubwa, lakini ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Mlango ule naujua sauti yake.

4. Mechi ya jana. Ulimwanzisha Wambui. Mwanangu ulimfunika blanketi pembeni kama jeneza. Hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa naandika kwa heshima: niliomba dua tufungwe. Si mengi. Moja tu, la adabu, dakika za mwanzo, ili ubadilishe mawazo. Geeta alipouliza midomo yangu inasema nini, nilimwambia nawaombea watoto wasiumie. Kisha wapinzani wakapewa pigo la penalti. Nikasema, hili sasa. Wambui akaruka kushoto, mpira ukagonga glovu, uwanja mzima ukapiga kelele. Aliyeruka juu wa kwanza pale pembeni, blanketi likaanguka matopeni, alikuwa Mardhiya. Hivyo ndivyo nilivyomlea. Moyo unavuja damu, yeye anapiga makofi.

5. Kwa kuwa silalamiki bila kuleta ufumbuzi, napendekeza yafuatayo. Goli lipanuliwe watoshe wawili. Geeta anasema sheria ni ya dunia nzima, nami nikamuuliza, dunia nzima imeshaulizwa? Au Wambui ahamishiwe mbele, akae na Jane. Au apelekwe chuo cha Scotland, ambako nasikia kuna uhaba wa watu hodari na baridi yake inafaa kwa kuvaa pedi. Na kama hayo yote ni mazito, nina mtoto wa dada yangu anaitwa Yahya, yuko Leicester, ni fundi umeme, ana gari lake, hajaoa. Nimefikiri sana. Msichana mwenye adabu zile akiolewa Leicester hataweza kuja mazoezini Jumatano. Mambo ya dini yatazungumzwa na wazee wa pande zote. Yahya mwenyewe sijamwambia bado, lakini hajawahi kunipinga.

Mwalimu, nakusihi. Wewe una timu nzima ya kuijali, nami nina mtoto mmoja. Kwako ni suala la nani anaokoa mipira mingi. Kwangu ni suala la nani atakula chakula cha usiku. Mrudishe Mardhiya golini, hata kama atafungwa. Akifungwa hula.

Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie Jane, nisalimie mama anayefua jezi, msalimie na refa, mwambie sina kinyongo naye. Wambui usimsalimie, maana ataniitikia kwa adabu nami nitaumia.

Mimi mwenye kusubiri jibu lisilo na neno "tutaona",

Ummukulthum binti Soud,
mama wa kipa.

Nyongeza:

Mwalimu, mambo yamebadilika na chai yangu haijapoa.

Nina mazoea ya kuisoma barua kwa sauti kabla ya kuitia kwenye bahasha, nisikie kama ina makali. Nilikuwa nimesimama sebuleni, nimefika kwenye Yahya, nikasikia kicheko juu. Nikadhani ni redio. Mlango wa Mardhiya ukafunguliwa, na kwenye ngazi wakatokea wawili. Kumbe mwenzake aliingia nilipokuwa kwa Geeta, wakawa chumbani wanashona mkanda wa glovu. Na mtoto wa Kenya, tofauti na watoto wetu wa hapa, anaelewa kila neno la Kiswahili.

"Shikamoo mama," akasema Wambui.

Nikaitikia marahaba kabla sijakumbuka kwamba nimefedheheka.

"Mama, huyo Yahya ni mrefu?"

Mardhiya akakaa kwenye ngazi, hawezi kusimama kwa kucheka. Sijakisikia kicheko kile tangu baba yake yuko hai. Wambui akashuka, uso umebadilika, akaniambia kwa upole, "Pole, mama. Sikujua unaumia hivyo. Jumamosi nikiachia moja ama mbili itasaidia?" Na alikuwa anamaanisha, Mwalimu. Mtoto yule alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yangu.

Hapo Mardhiya akaacha kucheka. Akaniambia, kwa Kiswahili, kibovu lakini chake: "Mama, mimi ndiye nilimwambia kocha amuanzishe Wambui. Mimi. Ile Jumatano, baada ya majaribio. Yeye ni bora, na mimi nataka tushinde."

Nikamuuliza, na mlango je? Kwa nini ulifunga mlango?

Akasema golini alikwenda kwa sababu alikuwa na hasira na kila mtu, na pale watu walikuwa wanampigia mipira naye anaipiga teke, na hakuna aliyemwambia atulie. Sasa hasira zimekwisha, na kilichobaki ni kumkumbuka baba yake. "Saa nyengine nataka kulia tu, Mama. Nalia, nashuka, nakula. Chakula cha Jumatano nilikila asubuhi, wewe umelala."

Na mimi niliona sahani tupu asubuhi ile nikadhani nimekimwaga mwenyewe.

Nilikaa chini. Wambui akaenda jikoni bila kuambiwa, akapika chai ya maziwa matupu, nzito, isiyo na hata iliki moja. Tumeinywa sote watatu kwenye ngazi, bega kwa bega, kwa sababu hakuna aliyetaka kuinuka aende kwenye viti.

Basi naomba ufute namba moja mpaka tano. Nilitaka kuichana barua nzima, lakini Wambui amesema usiposoma ya juu hutaelewa ya chini. Jumamosi mwanzishe yeye. Mardhiya anasema atakuwa pembeni akimwonyesha kwa mkono wapigaji wanapendelea upande gani, kwamba hiyo nayo ni kazi, na kwamba wewe unaijua.

Nina ombi moja tu lililobaki. Nimemuuliza Wambui mama yake humpigia kelele gani akiwa golini. Akasema mama yake ana kibanda cha mboga Nyeri, na siku za mechi ndizo siku za soko, kwa hiyo hajawahi kumwona akicheza hata mara moja. Alilisema hivi hivi, huku anaosha vikombe. Kelele nitampigia mimi. Lakini nataka azisikie kama za kwao. Wewe umekulia Nairobi, Mwalimu: mtoto wa Kikuyu akidaka mpira, mama yake humwambiaje? Niandikie maneno yenyewe, kwa herufi kubwa, nipate kuyazoea kabla ya Jumamosi.