Friji Isiyofikia Viwango

Rehani aliingia duka la dawa la Bi Usha, pale Kihonda, kutafuta dawa ya kikohozi. Akaiona friji, na kikohozi kikapona hapo hapo.

Ilikuwa friji nyeupe, ndefu, inayonguruma kwa adabu. Rehani aliitazama kwa huba, kwa sababu Bi Mwanahawa wa Kinole alikuwa ameshatoa neno lake bila kupepesa macho: anayemtaka binti yake Sabra alete friji ya kupozea juisi, na ailete kabla ya Ijumaa. Rehani alikuwa tajiri wa maneno. Kule Kinole alishajitangaza kuwa afisa ukaguzi wa viwango, na kila mtu akamwamini. Kilichopungua ni friji tu. Na kweli alimpenda Sabra, tumtendee haki.

Kesho yake asubuhi alirudi dukani na koti jeupe aliloazima buchani. Nzi wawili watatu walikataa kuachana na koti hilo, wakaja nalo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Mimi siumwi. Mimi ni mkaguzi. Kinachoumwa ni duka lako." Akanyoosha kidole ukutani. "Maboksi yako sakafuni! Jua linayapiga! Dawa inataka heshima, mama." Kisha akaisogelea friji, akaitegea sikio, akatikisa kichwa kama anayetoa habari za msiba. "Hii haijafikia viwango. Naichukua ikapimwe."

Moyo wa Bi Usha ulimpasuka paa. Humo mlikuwa na insulini ya wagonjwa wote wa sukari wa mtaa ule. Hata hivyo mama huyu wakaguzi alikuwa anawajua, na hajawahi kumwona hata mmoja mwenye nzi. Mkononi alikuwa na soda aliyotoka kuinunua jirani. Akafungua friji taratibu, akaisogeza soda karibu na maboksi ya insulini.

"Afisa, soda yenyewe ya moto. Niiweke humu kidogo?"

"Weka, weka ipoe," akasema Rehani akilamba midomo. "Na mrija kama upo."

Sasa tuelewane. Kwenye friji ya dawa hakiingii chakula wala kinywaji, hata maji ya kunywa. Anayefagia duka la dawa anajua. Mkaguzi wa kweli angeiona soda ile, angefoka mpaka milima ya Uluguru iitikie. Huyu ameomba mrija.

Bi Usha akatabasamu. "Mkaguzi wangu, hayo maboksi yanatakiwa yakaeje? Nionyeshe, nisije nikakosea."

Angekataa vipi? Rehani akavua koti, akalitundika stoo juu ya kitu kirefu kilichofunikwa kitenge, akaanza kubeba. Alibeba maboksi kutoka juani akayapanga juu ya vichanja vya mbao. Akafuta rafu. Akapanda ngazi kutoa utando wa buibui. Wateja waliingia na kutoka wakimsifu.

"Serikali ya siku hizi inafanya kazi," alisema mzee mmoja, akamwomba asogeze na benchi.

Adhuhuri Rehani alikuwa hoi, shati limemganda mgongoni. "Sasa friji, mama," akahema.

"Chukua, mwanangu, sheria ni sheria. Ila niache nitoe dawa, halafu niifunge vizuri. Wateja wakiiona inatoka hivi hivi watasema nimefilisika. Wewe katafute gari."

Rehani alitoka mbio. Aliporudi na kirikuu cha kukodi, alikuta mzigo mlango wa nyuma, umeviringishwa turubai na kukazwa kamba. Hakuuliza. Mtu anayeiba hana muda wa kukagua. Bi Usha akampa koti lake.

"Soda yako nimeiacha humo humo," akasema. "Utakunywa ukifika."

Njia nzima ya kupanda Kinole Rehani aliimba.

Majirani walijaa uani kwa Bi Mwanahawa. Turubai likafunguliwa, friji nyeupe ikaonekana, vigelegele vikapigwa. Rehani akachomeka waya ukutani.

Kimya.

Akaipiga kofi la upole, kisha la hasira. Akachungulia nyuma. Mahali pa mota palikuwa na kiota cha panya. Ndipo alipokumbuka kile kitu kirefu cha stoo, chini ya kitenge.

Sabra alifungua mlango wa friji, akatoa soda. "Mama, ya moto!"

"Wewe si mkaguzi?" akauliza Bi Mwanahawa. "Kagua basi, tukusikie."

Rehani alimtazama Sabra, akaona aibu ya kweli, pengine ya kwanza maishani mwake.

"Haijafikia viwango."

"Basi mko wawili," akasema Bi Mwanahawa. "Pandeni gari mrudi wote."