Pima Ishirini kwa Mkono wa Kaporali

Kahawa ya Kabibi ilikuwa haijachemka bado, hapo ufukweni Rumonge, Redio, mpasha habari wetu, alipotufikia mbio. Wenzake huanza na salamu, amahoro. Yeye huanza na balaa.

"Amri mupya! Boti yoyote isitupe munyororo wa nanga kupita pima makumi mbili. Ikipita, jeshi linaichukua!"

"Sababu gani?" Amur aliuliza. Tangu barabara ya Bujumbura ianze kupigwa risasi, boti yake moja ndiyo inalisha duka na watoto sita.

"Wanasema munyororo murefu unaiachia boti itembee mpaka kwa waasi, kule Kongo."

"Itembee na nanga chini?"

"Mimi niko redio, sitengenezi habari."

Amur akamgeukia Mita. Huyo jina lake halisi ni Mushagalusa, fundi cherehani wa Bukavu, mrefu kuliko mlango wake. Ndiye aliyempimia munyororo kwa kunyoosha mikono, kila pima tano akafunga kitambaa chekundu.

"Usiogope, patron. Vitambaa vine viko majini. Makumi mbili kamili."

Lakini Kaporali wa jeshi alikwisha panda boti ya Amur, pale majini mbele yetu, na askari wake, na vitambaa hakuviamini. Akavuta munyororo wote juu, akaupima kwa mikono yake mwenyewe, akihesabu kwa sauti.

"Makumi mbili na sita! Boti ni yetu!"

"Mita, umeniua!" Amur alilia kweli, bila aibu.

"Pima ni mikono, patron! Kosa langu ni kuzaliwa mikono mirefu?"

"Kaporali yule akikumbatia gunia la muchele, vidole havikutani," Kabibi alisema. "Mutu kama yule ndiye munamupa kazi ya kupima?" Kisha akakunja uso, akitazama ziwa. "Lakini mbona anazidi kuwa mudogo?"

Tukaangalia. Munyororo wote ulikuwa juu, na nanga yenyewe. Upepo ulikuwa unaipeleka boti taratibu kuelekea Kongo.

"Anaenda kwa waasi bila viza," Redio alisema.

"Ufunguo wa moteri huu hapa," Amur alinong'ona, akigusa mfuko.

Kaporali akatupa nanga. Haikugusa chini, kina cha ziwa letu hakina huruma. "Inaning'inia! Amur, nifanye nini?"

Amur akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaweka mikono mdomoni. "Chini ya magunia iko munyororo mwingine! Lakini amri, Kaporali! Makumi mbili!"

"Achana na amri! Tupa hata elfu! Ruhusa!"

"Na boti ni ya nani?"

"Yako! Yako, mzee Amur!"

Askari akachomoa munyororo kwenye magunia, akauunga na ule wa kwanza, ukashuka ukilia, boti ikatikisika, ikasimama. Amur akakaa chini, akamshukuru Mungu wake.

Redio alikuwa amekwisha shika njia ya sokoni. "Amri mupya! Amri mupya! Pima elfu!"

"Rudi we!" Mita alimwita. "Muulize Kaporali kwanza, elfu kwa mikono ya nani?"