Kuhusu Filamu ya Kugeuzwa Chini ya Blanketi

Kimotho wa Mbegu na Dawa za Mifugo,
Matisi, Kitale.
Alhamisi, 12 Machi 2026.

Kwa Bwana Gurdev,
Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Sinema wa Kujifurahisha, Kitale na Bungoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUACHA FILAMU YA MILIMITA NANE YA KUGEUZWA NA KUHAMIA SUPA 8

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote walio hapo dukani kwako, hata yule kijana wa misumari ambaye hunipimia pungufu. Mimi ni mzima wa mwili ila roho imechafuka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye mikutano kila nikisimama kusema jambo hili unaagiza chai iletwe, na mimi chai sijui kuikataa. Karatasi haimwagiwi chai.

Jumamosi hii tunapiga kura. Tuendelee na zile kamera za marehemu baba yako ulizozikuta ndani ya sanduku nyuma ya duka, ama tupokee zile za Supa 8 ambazo binamu yako amesema atatuletea? Wanachama wamegawanyika katikati. Zimebaki kura mbili ambazo hazijajulikana, yangu na ya Mary Ann, na Mary Ann nikimwuliza anacheka tu. Basi yangu naitangaza hapa, kwa maandishi, ili kesho usiseme hukusikia. Mimi nataka Supa 8. Sababu zangu ni hizi:

1. Wewe na mimi tunaijua kazi yetu, lakini naieleza ili barua ikisomwa mkutanoni wanachama wapya wasibaki wakiangaliana. Filamu yetu ina pande mbili. Unapiga upande mmoja, dakika mbili tu, mkanda unaisha. Unafungua kamera, unatoa mkanda, unaugeuza, unaurudisha, ndipo upige upande wa pili. Baadaye binti yako Manpreet anauosha, anaupasua katikati kwa wembe na kuunga vipande viwili viwe kimoja. Supa 8 haina mambo mengi hivyo. Inakuja ndani ya kikasha chake, unakisukuma ndani ya kamera, dakika tatu na zaidi, kwisha maneno. Hakuna kugeuza chochote.

Na kwa vile siku ya kwanza ulitufundisha kwamba filamu ikionja jua imekufa, sisi hugeuza chini ya blanketi. Mimi nashika kamera. Mary Ann, yule fundi cherehani wa Bungoma, ndiye mwenye blanketi. Tunaingia wote wawili, yeye anabana pembe kwa ndani ili mwanga usipenye, mimi nageuza. Mwenyekiti, siku hizi mtoto wa gredi ya pili anapiga video kwa simu ya mamake huku anatafuna muwa. Simu siitaki, hilo tuliapa wote. Lakini kati ya simu na blanketi si kuna mahali pa katikati bana?

2. Tohara ya mjukuu wa Mzee Wekoye, kule Bungoma, mwezi wa nane mwaka juzi. Unakumbuka tulivyoalikwa kwa heshima, tukapewa viti vya mbele. Nilimpiga kijana akitikisa njuga zake. Nikampiga alfajiri akirudi kutoka mtoni, amepakwa matope mwili mzima, watu wanaimba mpaka ardhi inatikisika. Anafika langoni pa babu yake, na kamera yangu, krrr, mkanda umeisha. Tukaingia chini ya blanketi. Tulipotoka mambo yalikuwa yamekwisha. Kijana ameketi, amefunikwa, shangazi zake wanapiga vigelegele na kuku wanaletwa.

Siku tulipowaonyesha sinema ile pale nyumbani, walichoona ni hiki. Kijana ana matope. Halafu kijana anapewa kuku. Katikati hakuna kitu. Mzee Wekoye akasimama, akauliza mbele ya wakwe zake, "Sasa hapa katikati hii mtoto alikuwa wapi?" Mgeni mmoja akanong'ona kwamba labda alikiona kisu akajificha nyuma ya choo mpaka wakati wa zawadi. Kijana mwenyewe alisimama kama mti asubuhi ile, hakupepesa hata jicho, na leo hii sinema yangu inamwita mwoga. Inaniuma sana, Mwenyekiti. Kila wanapoiangalia, ni lazima wazee waliokuwepo waitwe, na sinema ikifika langoni inasimamishwa ili wao wainuke waape kwamba walimwona. Ati burudani imekuwa kesi.

Mwezi wa nane huu ni zamu ya mdogo wake. Mzee amenitumia ujumbe kwamba tunakaribishwa, "lakini mkija na hiyo blanketi yenu, mtakaa nayo huko barabarani."

3. Harusi ya Jepchirchir kule Kapsokwony. Hii sipendi kuikumbuka lakini lazima niiseme. Wiki moja kabla ya harusi nilikuwa Lwakhakha nikipiga ng'ombe mnadani, kwa sababu wateja wangu wa dawa ya kupe wanapenda kuona mifugo iliyonona. Upande mmoja wa mkanda ukajaa. Siku ya harusi, chini ya blanketi, badala ya kuweka upande mpya nikaurudisha ule ule, picha zikapandana. Kosa lilitokea vipi? Mary Ann alikuwa ananisimulia habari za mteja aliyemletea kitambaa cha suruali moja akitaka ashonewe suruali, koti, na kinachobaki kiwe kofia. Nilicheka mpaka nikasahau niliko.

Matokeo mliyaona ukutani. Bibi harusi anaingia kanisani polepole, amependeza, na ng'ombe wa Lwakhakha wanapita ndani ya gauni lake. Mamake Jepchirchir alilia kwa furaha, akasema ni baraka. Lakini mjomba, Mzee Kibiwott, hakulia. Aliomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena, akasogeza kiti karibu na ukuta. Kisha akasema, "Hawa wengine wa mahari nawajua, wako kwangu. Huyu wa baka jeupe yuko wapi?"

Bwana harusi akaeleza kwamba ng'ombe huyo hamjui. Mzee akamjibu kwamba wewe, Mwenyekiti, ulipofungua onyesho ulisema kwa kinywa chako mwenyewe kuwa kamera haidanganyi. Ulisema, nilikuwepo. Mpaka leo yule kijana akienda kuwasalimu wakwe haulizwi habari za njiani, anaulizwa ng'ombe wa baka jeupe. Sasa nasikia watu wawili wa Kapsokwony wanaoposa wamesema sinema hawataki kabisa, wasije wakadaiwa mbuzi.

4. (Nimeifuta. Haikuwa na adabu, na Manpreet hakunikosea kiasi hicho.)

5. Nakuja kwa jambo zito. Tangu nifiwe na mke wangu nimeishi Matisi kwa heshima. Nafungua duka, nafunga duka, Jumapili niko kanisani kiti cha tatu. Leo heshima hiyo iko wapi? Jumamosi moja tulikuwa tunapiga watoto wakicheza mpira uwanjani, mchana kweupe, mkanda ukaisha, tukaingia. Mwenyekiti, blanketi lilicheka. Watu waliona blanketi limesimama katikati ya uwanja, lina miguu minne, linacheka kwa sauti mbili. Mpira ukasimama. Refa mwenyewe akaja kuangalia.

Tangu siku hiyo Nyaruai, mama wa mboga aliye karibu na duka langu, kila Jumatatu ananiuliza mbele ya wateja, "Kimotho, ile filamu iligeuka?" Wateja wanakohoa. Nampimia mtu mbegu za mahindi mara mbili.

Jina langu mimi silijali sana. Ninalojali ni jina la Mary Ann. Ni mama wa heshima zake, anatoka Bungoma kila Jumamosi na blanketi ndani ya mfuko, mvua inyeshe ama jua liwake, kwa ajili ya chama tu. Mtu mwenye moyo kama huo anafaa kutaniwa na watu wa mboga? Hapana. Nakataa. Sina nia yoyote kwake, hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Na nikueleze shida nyingine ya kiufundi ambayo Supa 8 itaitibu. Zamani nilikuwa nageuza mkanda kwa dakika moja. Siku hizi natumia dakika tano na zaidi. Vidole vinakuwa kama si vyangu. Nafikiri kamera imechakaa, ama ni baridi, Kitale ina baridi na hilo linajulikana. Halafu tukitoka nje nakuwa nimesahau nilikuwa napiga nini. Wiki iliyopita nilitoka nikapiga mlango wa choo cha kanisa upande mzima. Hiki si kifaa cha kazi tena, ni hatari.

6. Kwa hayo yote naomba yafuatayo yafanyike. Kwanza, chama kihamie Supa 8 mara moja, na kamera za marehemu baba yako zizikwe kwa heshima nyuma ya duka, dua isomwe, na mimi nitatoa mahindi ya kuchemsha kwa waombolezaji. Pili, Mary Ann apewe barua ya shukrani yenye muhuri, na aondolewe rasmi katika kazi ya blanketi, asisumbuke tena kuja Kitale kwa ajili hiyo. Tatu, wewe mwenyewe uende Kapsokwony ukamweleze Mzee Kibiwott kwamba kamera hudanganya. Akikataa kuelewa, umtafutie ng'ombe wa baka jeupe. Nne, mjukuu wa Mzee Wekoye apewe cheti cha chama, kikisema kwamba katikati alikuwepo.

Kama kura ya Jumamosi itakwenda kinyume na haki, nitajiuzulu, nitafungua chama changu hapa Matisi cha Supa 8 peke yake, na chai yetu itakuwa na mandazi.

Nisalimie Manpreet, mwambie wembe wake aubadilishe. Wasalimie wanachama wote wa pande zote mbili za kura, na binamu yako mwenye kamera. Hata yule wa misumari msalimie, nimemsamehe.

Ndimi mwanachama wako mwenye hasira lakini mwenye adabu,

Kimotho.

N.B. Mwenyekiti, tafadhali usiisome barua hii mkutanoni. Ukiweza, ichome.

Ilikuwa tayari ndani ya bahasha nilipompigia Mary Ann simu nimsomee, hasa lile ombi la pili, nikidhani atafurahi kupumzishwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba filamu hii haihitaji blanketi. Kivuli kinatosha. Yeye ile kamera ya chama iliyo kwake nyumbani huigeuza pale nje ya jikoni, chini ya paa, mchana, bila kujifunika chochote, na Manpreet akiziosha picha zinatoka safi kabisa. Alijua hivyo tangu mwezi wa pili baada ya kujiunga na chama.

Nikamuuliza, sasa hilo blanketi amekuwa akilibeba la nini kutoka Bungoma wakati huu wote? Akacheka tu. Na mimi, Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu nifiwe, nilifunga duka mchana nikakaa chini nyuma ya magunia ya chakula cha kuku.

Kwa hivyo kura yangu ni ya kamera za marehemu baba yako, Mungu amrehemu, zisizikwe wala zisiguswe. Supa 8 ikataliwe kabisa. Kwa Mzee Wekoye nitaenda mimi mwenyewe na kijana mwenye simu asimame langoni, nimekubali kuvunja kiapo kwa siku moja. Na kama binamu yako anajua filamu yoyote inayogeuzwa mara tatu, mwambie alete hiyo.

Kabla ya kukata simu Mary Ann aliniuliza swali moja tu, kama Jumamosi alete lile blanketi jekundu ama lile zito. Nimemwambia lile zito.